Mzee Krapf katika Kijiji cha Korntal

Jina la Ludwig Krapf si geni masikioni mwenu. Watoto wetu shuleni hufundishwa ya kuwa yeye aliuona mlima wa Kenya siku ya 3 Desemba 1849, na ya kuwa mwenziwe, Johannes Rebmann, aliuona Kilimanjaro siku ya 11 Mei 1848. Waalimu wa dini hulikumbuka pia kaburi la mkewe, lililoko bara ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Habari hizo ni za kweli, tena ni njema kuzisimulia. Lakini ukiihesabu miaka ya maisha yake utaona jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Tangu alipotia mguu katika nchi ya Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo, mwaka 1837, hata alipoondoka Mombasa mwaka 1853, ilikuwa miaka 16 tu. Na tangu alipofanya makao yake katika kijiji cha Korntal huko Ujerumani mwaka 1855, hata kufa kwake mwaka 1881, ilikuwa miaka 26. Basi sehemu ndefu ya maisha ya mtumishi huyu haikuwa ya nyika na misafara. Ilikuwa ya nyumba, ya mke na mtoto, ya jirani, na ya meza ya kuandikia. Hapo ndipo nitakapo tumtazame leo.

Nina sababu ya kuichagua sehemu hiyo. Katika sharika zetu nimewaona wenzetu wengi wakipokea barua ya kustaafu kama mtu apokeaye habari ya msiba. Namjua mzee mmoja aliyefundisha Katekisimo miaka mingi kuliko miaka yangu ya uchungaji. Siku alipokabidhi kengele na funguo za kanisa alirudi nyumbani, akaketi barazani juma zima akiwa ameligeuzia kanisa kisogo. Mkewe alimwandalia chakula, naye hakukiona. Wajukuu walimzunguka, naye aliwafukuza kama kuku. Mzee huyo alipata nafuu baadaye, ashukuriwe Mungu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri habari za Krapf, maana yeye pia aliipokea barua yake kwa shida, tena si mara moja.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa siku ya 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa asilolitenda, hata akaugua muda wa nusu mwaka. Kitandani alikuwa na Biblia, akaisoma sana, na habari za mababa wa kale zikamwingia moyoni. Alipopona akaenda mashambani wakati wa mavuno, na huko akawahadithia wavunaji mambo aliyoyasoma. Hivyo jirani mwovu alimpeleka katika Neno la Mungu pasipo kujua alilofanya. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la jirani, maana tutakutana na majirani wa namna nyingine.

Akapelekwa shule ya Tübingen. Huko alipewa ramani ya nchi zote, naye akaona ya kuwa sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki ilikuwa nyeupe, haina mji wala mto ulioandikwa. Nafasi ile tupu ilimvuta. Mwaka 1827 akaingia katika chuo cha Misioni mjini Basel, akatoka baada ya muda mfupi kwa kuwa mashaka yalimsumbua, akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha Tübingen, akahudumu kidogo ushirikani, kisha akarudi tena katika nia yake ya kwanza. Mwaka 1837 Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza kikamtuma Uhabeshi.

Mambo ya Uhabeshi nitayapita upesi. Alifukuzwa kaskazini, akaenda kusini katika ufalme wa Shoa, akajifunza Kiamhara na lugha ya Waoromo, naye akaupenda mno ule umati wa Waoromo. Mwaka 1842 akaoa. Mkewe aliitwa Rosine Dietrich. Wakajaribu pamoja kurudi Shoa, nao wakazuiliwa. Katika safari hiyo Rosine akajifungua nyikani kabla ya wakati wake, chini ya mti, na mtoto akafa siku zile zile. Wakampa jina ambalo kwa Kiamhara maana yake ni chozi.

Walipoona mlango ule umefungwa wakageukia pwani yetu. Mwezi wa Januari mwaka 1844 Krapf akafika Unguja, na Sayyid Said akampokea kwa heshima, akampa barua ya kumpitisha kwa maliwali wake. Wakafanya makao Mombasa. Mwezi wa Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike, kisha homa ikawashika wote. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hajiwezi mke wake alipokuwa akikata roho. Rosine akafa siku ya 13 Julai, na mtoto akamfuata siku mbili baadaye. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf akawaandikia wakubwa wake huko Ulaya ya kuwa kaburi lile ni alama kwamba vita vya Injili vimeanza katika upande huu wa Afrika. Watu wengi hulisifu neno hilo, na linastahili sifa. Lakini mimi nikilisoma namwona pia mwanamume wa miaka 34 asiye na mke wala mtoto, anayetetemeka kwa homa katika nyumba tupu.

Mwezi wa Juni mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, mwana wa Gerlingen, kijiji cha nchi ile ile ya Württemberg, naye alikuwa mdogo kwa Krapf kwa miaka 10. Mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, kati ya Wamijikenda, wakiwa wote wawili dhaifu kwa homa. Hapo ukaanza urafiki ambao ndio moyo wa habari hii. Rebmann akaenda Uchaga. Krapf akaenda Usambara, akaonana na mfalme Kimweri huko Vuga, kisha akaenda Ukambani mara mbili. Katika safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, mkuu Kivoi aliyekuwa mwenyeji wake akauawa njiani, na Krapf akaponyoka peke yake, akatangatanga porini akichukua maji katika mitutu ya bunduki yake.

Lakini marafiki hawa hawakuwa na shauri moja. Krapf alitaka vituo vya Misioni vipangwe kama pete za mnyororo kutoka pwani yetu hata pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha vema, na kungoja kwa saburi. Walisumbuana kwa ajili ya jambo hilo. Nalitaja kwa kuwa wako watu wanaodhani ya kuwa watumishi wa zamani hawakukosana kamwe.

Hata mwaka 1853 mwili wa Krapf ulikuwa umekwisha. Akaondoka Mombasa. Alikuwa na miaka 43, naye alipotazama nyuma, waliobatizwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mnyororo wake wa vituo ulikuwa na pete moja tu. Walakini hakukubali kwamba amekwisha. Mwaka 1855 akasafiri tena Uhabeshi pamoja na kijana mmoja aitwaye Johann Martin Flad, akitafuta mahali pa kuweka mafundi Wakristo. Akaugua tena, akarudi kwa njia ya jangwa la Sudani na mto Nili, akafika Ulaya akiwa taabani. Ndipo alipokwenda Korntal.

Korntal wakati ule kilikuwa kijiji karibu na mji wa Stuttgart. Kilianzishwa mwaka 1819 na mtu aitwaye Gottlieb Wilhelm Hoffmann. Wakati ule Wakristo wengi wa Württemberg waliokuwa na bidii ya dini walikuwa wakihama kwenda Urusi, maana hawakupendezwa na taratibu mpya za ibada nchini mwao. Mfalme Wilhelm akaona hasara ya kupoteza raia wema, akawapa ruhusa kukaa pamoja na kuabudu kwa desturi zao wenyewe. Wakajenga nyumba kubwa ya sala katikati, isiyo na mapambo, na nyumba zao kandokando. Wakaweka shule za wavulana na za wasichana, na nyumba ya kulelea watoto maskini. Jioni watu wa namna hii walikuwa na desturi ya kukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, mkulima pamoja na mwalimu, fundi pamoja na mjane, wakisoma Maandiko na kuulizana maana yake. Msomaji atokaye katika ushirika wenye jumuiya za nyumba kwa nyumba ataifahamu desturi hii upesi kuliko Wazungu wengi wa siku hizi.

Katika kijiji hicho Krapf akapata nyumba. Mwaka 1856 akaoa mara ya pili, akamwoa Charlotte Pelargus wa Stuttgart. Mungu akawajalia binti, naye hakufa kama wale wawili wa kwanza. Fikirini, ndugu zangu. Mtu huyu alikuwa amezika mtoto mmoja nyikani na wa pili ufuoni mwa Mombasa. Sasa alikuwa na umri unaokaribia miaka 50, naye akasikia mtoto wake mwenyewe akilia usiku, na asubuhi bado yu hai. Katika vitabu vya safari zake huwezi kuona furaha kama hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa, maana wanaume wa wakati ule hawakuandika mambo ya namna hiyo. Lakini mzazi yeyote aliyepata kufiwa na mtoto na baadaye kupewa mwingine anaijua pasipo kuambiwa.

Hapo Korntal aliandika kitabu chake kikubwa cha safari, kikatoka mwaka 1858 katika sehemu mbili, na mwaka 1860 kikatolewa London kwa Kiingereza. Hapo pia alipata habari iliyompendeza sana. Wataalamu fulani wa Ulaya walikuwa wamemcheka Rebmann na yeye mwenyewe, wakisema ya kuwa theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta, na ya kuwa wamisionari hawa walidanganyika kwa mawe meupe. Mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken akapanda Kilimanjaro sehemu, akaiona theluji kwa macho yake. Wacheshi wakanyamaza.

Je, alitulia? La. Nasema wazi kwa kuwa si vema kumsifu mtu kwa uongo. Nyumba alikuwa nayo, mke na mtoto alikuwa nao, lakini masikio yake yalikuwa bado huku kwetu. Mwaka 1861 Wamethodisti wa Uingereza walipomwomba awaongoze, akaiacha nyumba yake, akasafiri nao hata Mombasa, akawasaidia kuanzisha kituo cha Ribe. Afya ikamshinda, akarudi mwaka 1862. Kazi ya Ribe ikaendelea chini ya Thomas Wakefield, basi safari hiyo haikuwa bure. Lakini mwaka 1867 ikaja safari nyingine ambayo naiona kuwa nzito kwake. Waingereza walipeleka jeshi Uhabeshi kupigana na Mfalme Theodoro, aliyekuwa amewafunga Wazungu, na Flad pamoja na mkewe na watoto wake wakiwa miongoni mwa wafungwa. Krapf akachukuliwa awe mkalimani. Alikuwa na miaka 57. Akaugua tena, akarudishwa kabla jeshi halijafika ngome ya Magdala, ambako wafungwa walifunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 1868. Na mwaka ule ule wa 1868 Charlotte mkewe akafa.

Basi akawa mgane tena. Mara tatu Mungu alikuwa amemrudisha Korntal akiwa mgonjwa, na sasa nyumba ile aliyoiacha mara kwa mara ilikuwa na pengo. Sina ujasiri wa kusema lililokuwa moyoni mwake. Najua tu lililofuata. Hakusafiri tena kuja Afrika. Mwaka 1869 akaoa mara ya tatu, mke aliyeitwa Nanette Schmidt, naye ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho. Na kuanzia hapo kazi ya mikono yake ikazaa kuliko wakati wowote aliokuwa na fimbo ya safari mkononi.

Maana karibu na Basel, katika kilima kiitwacho St. Chrischona, palikuwa na chuo cha Misioni chenye mtambo wa kupiga chapa. Krapf akaketi mezani kwake Korntal, akaisahihisha upya Biblia ya Kiamhara ili ipigwe chapa huko. Kisha akawageukia Waoromo aliowapenda tangu ujana wake, wale ambao hakuweza kuwafikia. Kwa msaada wa wasomi wa Uhabeshi wenyewe waliofasiri pamoja naye, vitabu vya Biblia vikatoka kwa Kioromo, kimoja baada ya kingine, katika miaka ya 1870, na Agano Jipya pamoja navyo. Miaka 30 nyuma alikuwa ametembea majuma mengi kwa miguu kuwatafuta watu hao, akarudi mikono mitupu. Sasa aliwapelekea Injili kutoka katika chumba chenye jiko la moto, huku theluji ikianguka nje na mkewe akiwa chumba cha pili.

Na lugha yetu? Hiyo pia ilikuwa mezani pale. Tangu mwaka 1844, majuma machache kabla ya kufiwa, Krapf alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imetoka Tübingen, na mwaka 1854 aliwapa wataalamu wa Ujerumani tenzi za kale za Waswahili alizozipata kwa maandishi ya mkono. Yeye ndiye aliyekata shauri ya kuwa Kiswahili chake kiandikwe kwa herufi za Kirumi, si kwa herufi za Kiarabu zilizotumika pwani. Herufi hizi uzisomazo sasa zina sehemu ya kazi yake. Miaka yote hiyo aliendelea kukusanya maneno ya kamusi, neno moja baada ya jingine, pamoja na maana zake na mifano. Mwenye kuifungua kamusi ile huona ya kuwa mkusanyaji hakuwa mtu wa maneno ya kanisani tu. Ameandika vyombo vya jahazi, vyakula, mimea, maradhi, hata maneno ya ugomvi.

Nimefika sasa katika jambo nililotaka kulifikia tangu mwanzo. Rebmann alikuwa amebaki Rabai. Alikaa Afrika miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja. Mkewe, mama Emma, alikufa mwaka 1866, naye akaendelea peke yake. Macho yakaanza kupofuka. Wageni waliopita Rabai walimwona mzee mwenye kupapasa, amezungukwa na karatasi zake za kamusi, na kanisa dogo sana. Mwaka 1875 akakubali kuondoka. Mwafrika Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo, ndiye aliyemwongoza kipofu huyu, akasafiri naye bahari zote hata Ulaya. Laiti habari za Nyondo zingesimuliwa sana kama zinavyosimuliwa za milima! Mwana huyu wa Rabai alimshika mkono mwalimu wake, akamrudisha kwao.

Rebmann hakukaa Gerlingen alikozaliwa. Alikwenda Korntal, akakaa karibu na Krapf. Hivyo wale wawili waliofika Rabai wakitetemeka kwa homa mwaka 1846 wakawa tena majirani baada ya kutengana miaka mingi, mmoja akiwa na miaka 65 na mwingine 55. Si vigumu kuwawazia. Mmoja anaona, mwingine haoni. Mmoja amekuwa na nyumba na binti, mwingine amekuja na sanduku la karatasi. Yule aliyetaka kwenda mbali alikuwa amelazimishwa kukaa, na yule aliyetaka kukaa alikuwa amekaa mpaka macho yakazimika. Lile shauri lililowasumbua zamani lilikuwa limekwisha kuamuliwa na Mungu mwenyewe, wala hakuna aliyeshinda. Nadhani Kiswahili kilisikika katika njia za Korntal, maana wazee wakikutana huirudia lugha ya ujana wao.

Kijiji kikampokea kipofu huyu. Mwaka 1876 Rebmann akaoa mjane mmoja wa mmisionari, akapata tena mkono wa kumwandalia chakula na sauti ya kumsomea. Furaha hiyo haikudumu. Mapafu yakamwuma, akafa siku ya 4 Oktoba mwaka ule ule, akazikwa hapo Korntal.

Katika lile sanduku la karatasi palikuwa na kamusi ya Kinyasa. Rebmann alikuwa ameiandika Rabai kwa kumwuliza mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyetekwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa na kuletwa Mombasa utumwani. Hakuwahi kuitoa. Krapf akaichukua, akazipanga karatasi za rafiki yake, akazisahihisha, na mwaka 1877 kamusi ile ikapigwa chapa St. Chrischona kwa jina la Rebmann, na jina la Krapf likawekwa humo kuwa rafiki aliyeitengeneza. Alikuwa na miaka 67, na kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili ilikuwa bado kumalizika. Aliiweka kando ili ya jirani yake itangulie.

Flad naye, baada ya kufunguliwa Magdala, alikuja kukaa Korntal pamoja na jamaa yake. Hivyo kijana aliyesafiri na Krapf mwaka 1855 akawa jirani yake katika uzee. Watu waliofungwa minyororo, watu waliozika wake zao katika nchi za mbali, walikutana hapo katika nyumba moja ya sala, wakaketi pamoja na wakulima ambao hawakupata kuvuka mto wa nchi yao, nao hao wakulima ndio waliowaombea miaka yote. Krapf alikwenda pia huku na huku katika sharika za Württemberg kwenye sikukuu za Misioni, akawaeleza watu habari za Afrika, kisha akarudi kulala kwake.

Na habari kutoka huku zikamfikia moja moja. Mwaka 1875 kijiji cha watumwa waliowekwa huru kilianzishwa bara ng'ambo ya Mombasa, nacho kikaitwa Frere Town. Kilikuwa karibu na kaburi la Rosine. Mahali alipozikwa mwanamke mmoja na mtoto wa siku chache, pasipo Mkristo mwenyeji wa kusimama kaburini, palikuwa sasa na shule, kengele na watoto wengi. Mwaka 1877 wamisionari wa kwanza wakafika Buganda, na zile pete za mnyororo zikaanza kuongezeka. Habari hizi zilimfikia mzee huyu kwa barua, naye hakuwa na sehemu katika kazi yenyewe ila kwa maombi.

Siku ya 26 Novemba mwaka 1881 ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Krapf alikuwa mzima kwa kadiri ya umri wake wa miaka 71. Siku hiyo alizungumza na rafiki habari za kurudi kwake Bwana Yesu, jambo alilolipenda tangu ujana, na ambalo zamani lilimponza alipolihubiri kwa ukali kabla hajaitwa Misioni. Jioni akaagana na watu wa nyumbani kama desturi yake, akaingia chumbani. Asubuhi walipomwona amechelewa kutoka wakaingia, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Wakamzika katika makaburi ya Korntal, pale pale alipolala Rebmann.

Kamusi ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.